Majivu ya Volkeno na Nyumbu wa Nchi Mbili

Nyumbu wanaovuka mpaka wa Kenya na Tanzania kila mwaka wametungiwa sifa nyingi. Udongo unaowaongoza hautajwi sana.

Nyanda za kusini-mashariki ya Serengeti zimefunikwa na majivu ya volkeno, yaliyopeperushwa na upepo kutoka milima kama Kerimasi na Ol Doinyo Lengai. Lengai ungali hai. Mwaka 2007 na 2008 ulirusha majivu tena. Majivu hayo yamejaa chokaa na magadi. Mvua huyeyusha madini hayo, lakini kwa kuwa ni haba haiyafikishi mbali. Huganda chini kidogo ya uso wa ardhi, mahali pengi hata mita moja haifiki, yakawa tabaka gumu mfano wa saruji. Mizizi ya miti hushindwa kulipenya. Maji nayo hukomea hapo, na jua huyamaliza upesi.

Husitawi nyasi fupi tu, ila zina kalsiamu na fosforasi anazozihitaji mama anyonyeshaye. Kwa hiyo nyumbu, ambao idadi yao hupita milioni moja, huzalia huko, hasa mwezi wa Februari. Kiangazi kikiingia, nyanda hukauka, nao hawana budi kuelekea kaskazini hadi Mto Mara.

Hivyo Tanzania ina malisho ya uzazi, na Kenya ina sehemu ya malisho ya kiangazi. Anayeziona nyanda hizo kuwa ardhi tupu inayongoja jembe hajalifikiria tabaka lile, wala upepo utakaochukua udongo uliolegezwa. Nayo maji ya Mto Mara chimbuko lake ni Msitu wa Mau, ndani ya Kenya.