Kaskazi Imeshika: Tuwatoe Watoto Nje



Shule zimefungwa, kaskazi imeshika, na vyumba vyetu vya ghorofani vimekuwa tanuri. Watoto hushinda ndani, na anayenyamaza ni yule aliyepewa simu.

Juzi chuoni tulikuwa tukiwafunza wanafunzi wadogo aya zinazotaja bahari na majahazi yapitayo juu yake. Tukauliza ni nani kati yao aliyewahi kutia miguu baharini. Mtoto mmoja wa miaka saba, mzaliwa wa kisiwa hiki cha Mombasa, akajibu kwa sauti ndogo: "Mimi huiona nikiwa ndani ya matatu, Maalim." Tuliwaonea haya wazazi wake, kisha tukajionea haya wenyewe, kwani wajukuu wetu nao hatujawatembeza tangu Idi.

Matembezi ya halali si upuuzi. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), na kwamba alimsimamia akiwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki yao, wala hakumharakisha mpaka alipotosheka mwenyewe.

Kwa wakaao kisiwani, pa karibu ni Mama Ngina, bustani ya ufukweni iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019. Nendeni baada ya Alasiri, jua likiwa limelegea. Chini ya mibuyu ile mikongwe, mkeka na chupa ya chai vyatosha. Mihogo na madafu mtayakuta huko huko. Watoto watahesabu meli zinazopita mlango wa Kilindini kwenda bandarini. Lakini washikeni mikono wakikaribia ukingo, kwani chini ni majabali na mkondo wa maji una nguvu.

Wenye uwezo wa kulipa kiingilio wafike Haller Park, Bamburi. Hapo palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu yasiyoota kitu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti, na mivinje ikastahimili pale penye ukame na chumvi. Leo ni msitu wenye twiga, mamba na kobe wakubwa. Waelezeni watoto habari ya Owen, kiboko mchanga aliyepotezana na wenziwe wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo na kuandamana na kobe mzee kana kwamba ni mamaye. Mtoto akiyaona hayo kwa macho yake, somo la rehema ya Mola kwa viumbe halitamtoka.

Ama wapendao kuoga, pwani ya umma ya Jomo Kenyatta iko huko huko Bamburi. Chagueni siku za katikati ya wiki, asubuhi mapema, kabla ya jua kali na msongamano. Akina mama nao watapata nafasi ya kujistiri. Ulizeni kwanza saa za maji kupwa na kujaa. Maji yakipwa, watoto wadogo hucheza mchangani kwa salama zaidi. Yakijaa, asiingie mtoto bila mtu mzima aliye karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono.

Hapa tuna neno kwa akina baba. Mara nyingi tumesikia mama akisema, "Mume wangu hutoa nauli, mwenyewe haji." Mama huyo hubeba mtoto mgongoni, kapu mkononi, na wengine watatu wanakimbilia majini. Macho mawili hayawezi kuchunga pande nne. Tena ameamka alfajiri kupika, akafika pwani kupakua, akarudi jioni kuosha vyombo. Mapumziko ya nani hayo? Baba, chukua kapu wewe. Simama majini wewe, ili mama aketi kivulini apunge upepo.

Nauli ikiwa ngumu, jirani wawili watatu wachange, watoto waende pamoja. Maskini si yule asiyefika mbali. Ni yule ambaye wanawe watakua bila kumkumbuka akicheka nao.

Alhamisi ijayo, chuo kikiwa kimefungwa, tutampeleka yule mtoto na wenziwe wakatie miguu baharini, inshaallah. Tumeshatuma salamu majumbani: kila mtoto aje na babake.

Wabillahi tawfiq.