Unga Unaolegeza Nyonga Bandia

Kufikia mwaka 1962, daktari John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, alikuwa amewawekea wagonjwa wapatao 300 nyonga bandia ambazo sasa zilikuwa zinamharibikia. Kikombe cha nyonga hizo, ambamo kichwa cha chuma huzunguka, kilikuwa cha Teflon, plastiki ileile ya vikaango visivyogandisha chakula. Iliteleza vizuri, lakini kichwa cha chuma kiliila ndani ya miaka michache, na unga wake ukazua uvimbe. Charnley aliuingiza unga huo chini ya ngozi ya paja lake mwenyewe ili ajue unachofanya mwilini.

Fundi wake, Harry Craven, akapata kipande cha polietilini kutoka kwa mchuuzi. Charnley alikibonyeza kwa ukucha, akakidharau. Craven hakukitupa: alikifunga kwenye mashine ya kupima ulikaji, akaiacha ifanye kazi. Baada ya wiki tatu kilikuwa kimelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja. Novemba mwaka huohuo wagonjwa wakaanza kuwekewa vikombe vya polietilini.

Polietilini ile nayo hulika, takriban sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka. Si kupungua unene kunakoleta balaa kubwa. Mgonjwa anapotembea, kiungo humwaga chembe ndogo mno. Seli za kinga huzimeza, hushindwa kuzisaga, kisha hutoa kemikali zinazochochea mfupa kuliwa. Nyonga hulegea kwa kukosa mfupa wa kuishika, hata kama chuma chenyewe ni kizima.

Ndiyo maana polietilini ya siku hizi hupigwa mionzi ili molekuli zake zishikane. Ulikaji umepungua sana. Kauri husagika kidogo zaidi, ingawa mara chache hupasuka. Nyonga za chuma kwa chuma, kichwa na kikombe, zilisifiwa kwa uimara, kumbe kobalti na kromiamu zilizomo zilivuja hadi kwenye damu, na mwaka 2010 kampuni ya DePuy iliondoa sokoni nyonga zake za aina hiyo, ASR, duniani kote.

Kwa mzee wa miaka 75, tofauti hizi huenda zisimguse. Ila kwetu wapo vijana wenye selimundu, ambao kichwa cha mfupa wa paja hufa kwa kukosa damu kabla hawajafika miaka 30. Kijana wa namna hiyo ataitembelea nyonga yake kwa miongo mingi, na kila upasuaji wa kurudia hukuta mfupa umepungua. Kabla ya kutia saini kukubali upasuaji, ana haki ya kumwuliza daktari: kichwa ni cha nini, na kikombe ni cha nini?