Tumpunguzie haji mzigo

Kila msimu wa Hijja unapowadia, nyumba zetu hujaa pilikapilika. Jamaa na majirani huja kumuaga msafiri, na kila mmoja huja na chake: huyu unga, yule visheti, mwingine shuka la ziada. Mwishowe mzee wa watu hukabidhiwa masanduku mawili ambayo hata mwanawe huyanyanyua kwa taabu. Twafanya hayo kwa mapenzi. Lakini je, tumepata kujiuliza ni nani atakayeyabeba kwa wiki zote za safari?

Ndugu Waislamu, dini yetu haikutufundisha kusafiri mikono mitupu. Aya ya 197 ya Suratul-Baqara inawaamrisha mahujaji wachukue masurufu, na papo hapo inawakumbusha kuwa masurufu yaliyo bora ni ucha Mungu. Naye Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alihiji juu ya mnyama mmoja, na mnyama huyo huyo ndiye aliyebeba mizigo yake. Mafundisho, basi, ni kuchukua kinachotosha.

Jambo hili si la kutafuta starehe tu, bali linagusa roho za watu. Tarehe 12 Januari 2006, mahujaji wengi walipokuwa wakijiandaa kuondoka Mina, watu zaidi ya 340 walifariki katika msongamano kwenye lango la daraja la Jamarati. Serikali ya Saudi Arabia ilieleza kuwa mahujaji walijikwaa kwenye mizigo iliyokuwa imeanguka njiani. Daraja lile lilibomolewa na kujengwa jingine la ghorofa kadhaa, lakini fundisho limebaki: begi la mmoja laweza kuwa kikwazo cha mwingine. Aidha, katika Hijja ya mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50, na mahujaji zaidi ya 1,300 wakafariki, wengi wao wakiwa wametembea mwendo mrefu juani. Katika jua kama hilo, kila kilo huhesabika.

Tufungeje basi? Sanduku kubwa, tena moja, libaki katika makazi ya Makka. Nguo tatu au nne za pamba zatosha, kwani hufuliwa usiku na kukauka haraka. Kwa siku za Mina, Arafa na Muzdalifa, haji achukue mkoba mdogo wa mgongoni: shuka za ihramu za akiba kwa mwanamume, au nguo moja ya sitara kwa mwanamke, sabuni isiyo na manukato, chupa ya maji, mwavuli, kandambili, na mkeka mwepesi, kwa kuwa usiku wa Muzdalifa hulalwa nje. Dawa zake pamoja na cheti cha daktari azishike mwenyewe ndani ya ndege, asiziweke katika sanduku linalopakiwa chini. Kisha, kabla ya siku ya safari, avae mkoba huo na kutembea nao nusu saa. Ukimlemea mtaani kwake, utamlemea zaidi Mina.

Nasi tunaobaki nyumbani tuna wajibu wetu. Tusimpe msafiri orodha ya abaya, tende na miswala. Bidhaa hizo zinauzwa hata Kariakoo, na saa anazozunguka madukani kututafutia ni saa anazozikosa katika Msikiti Mtukufu. Wako wazee wanaorudi wamechoka kwa zawadi kuliko kwa ibada, ilhali baadhi yao walidunduliza miaka mingi ili waifikie Al-Kaaba mara moja tu maishani. Tumwombe dua. Hiyo ataibeba bila kulipia uzito uwanja wa ndege.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awawafikishe wote walionuia, awarejeshe salama, na aijaalie Hijja yao iwe yenye kukubaliwa. Amin.