Kitanda Kinachofunguka

Kabati langu la nguo lilifika zima kijijini Moa, pwani ya Mkoa wa Tanga. Milango ilifunga, kioo hakikupasuka, hata ufunguo ulikuwa bado umening'inia kwa uzi kwenye kitasa. Aliyenibebea kutoka Tanga mjini alikuwa amelizungushia nailoni tabaka juu ya tabaka mpaka likang'aa kama pipi, nami nikamlipa kwa furaha. Nikaliacha vivyo hivyo chumbani, likingoja nyumba imalizwe kupigwa lipu. Mvua za masika zilipokatika nikaichana nailoni: vanishi imefanya mabaka meupe, mgongo wa plaiwudi umevimba, na harufu ya ukungu imetangulia kuingia kabla ya nguo.

Tangu hapo naitazama biashara hii ya kusafirisha samani kwa jicho la mwenye hasara. Njia yenyewe siku hizi si adui mkubwa. Lami ya Tanga hadi Horohoro, kilomita 65 zilizojengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, imepunguza ile mitikisiko iliyokuwa ikilegeza miguu ya meza. Kirikuu kimoja hubeba sebule nzima. Kinachobaki ni kuchepuka kuelekea baharini, kisha hewa ya chumvi, ambayo haina haraka.

Tatizo liko kwenye malipo. Fundi seremala amekwisha kulipwa alipokabidhi. Wapakiaji hulipwa kwa kunyanyua, dereva kwa kufika. Katika kupokezana huko mkono kwa mkono hakuna hata mmoja anayelipwa ili mkwaruzo usitokee, ila yupo anayelipwa ukitokea: fundi yule yule, safari hii kwa msasa na vanishi. Bima ya mizigo ipo, lakini mwenye kitanda kimoja anachovusha kwa mashua kwenda Pemba huwa hana karatasi mkononi. Ana neno la nahodha.

Mambo huchacha harusi zinapokaribia, Shaaban na mfunguo mosi, kila mtu akitaka vyombo vyake siku hiyo hiyo. Vanishi iliyopakwa jana jioni hupakiwa leo asubuhi. Ikigusana na nailoni ya godoro hunata, na ukiibandua, kichwa cha kitanda kinabaki na chapa ya mikunjo mpaka kipigwe msasa upya. Siku mbili za kungoja zingeokoa kazi hiyo, lakini nani amwambie mama wa bi harusi angoje?

Fundi anayejua kazi hafungi kitanda, hukifungua kwanza. Cha sita kwa sita huwa vipande vinne na mzigo wa chaga. Kila kiungo hupigwa alama ya chaki, bolti na nati huingia kwenye soksi kuukuu inayofungwa kwenye ubao wa ubavuni, maana bolti moja ikipotea Moa, kupata pacha wake ni safari ya mjini. Kati ya kichwa na miguu huwekwa mkeka uliochakaa. Pembe huvikwa vipande vya godoro. Kisha kamba, na hapa mimi ni mtu wa katani: haitelezi. Ila ikilowa hujikaza na kukata kingo za mbao, kwa hiyo chini yake pawe na boksi lililokunjwa. Ajabu ni kwamba katani iliingia pwani hii mwaka 1893, Richard Hindorf alipoleta miche ambayo 62 tu ndiyo iliyopona safari, na bado tunakimbilia nailoni.

Wazo la samani inayovumilia safari si geni. Kitanda cha kamba, teremka-tukaze, kilihamishwa na watu wawili bila kuvunjika, kwa sababu kamba hukubali kuyumba. Huko Austria, Michael Thonet alitoa kiti chake namba 14 mwaka 1859. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye kasha la mita moja ya ujazo. Faida yake ilianzia kwenye kasha hilo.

Wanaopita baharini wana hesabu nyingine. Hupakia maji ya bamvua yakijaa, mashua iweze kusogea karibu. Maji mafu, kabati hupita tope la mikoko juu ya vichwa vya watu. Wakati wa kusi mawimbi hurusha maji hadi juu ya shehena, hivyo turubai ni lazima, lakini huondolewa mara mzigo ukishuka.

Na hapo ndipo nilipokosea mimi. Mbao zilizokauka vizuri bara, zikifika pwani, hunywa unyevu mpaka asilimia 15 hivi ya uzito wake mkavu. Nailoni haizuii, huufungia ndani. Afadhali shuka kuukuu au mkeka, kabati likae juu ya matofali, mbali kidogo na ukuta, miguu ikipakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa. Mtiki wa Longuza, kule Muheza, huvumilia zaidi. Makabati ya unga wa mbao na gundi hayana dawa: yakivimba yamevimba.

Kabati langu limepata mgongo mpya. Fundi ameutoboa matundu ya hewa, akaufunga kwa skrubu badala ya misumari. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba siku nikihama nimpigie yeye simu kabla ya kumpigia dereva.