Juba: Kwa nini rangi hubambuka ukutani, na praima husaidia vipi?

Mwaka 2016 waliibuka wasanii wa kundi la Ana Taban, jina ambalo kwa Kiarabu cha Juba lina maana ya "nimechoka", nao wakaanza kuchora kwenye kuta za mji mkuu wa Sudan Kusini picha za kuhimiza amani. Uhai wa mchoro wa namna hiyo, sawa na ule wa rangi ya nyumba ya kawaida, hutegemea kitu asichokiona mpita njia: praima, yaani rangi ya kwanza inayopakwa ili kuuandaa ukuta.

Lipu ya saruji hunywa maji kama sifongo. Ikipakwa rangi moja kwa moja, hufyonza maji pamoja na gundi yake, na kinachosalia juu ni unga unaofutika kwa kiganja. Praima huviziba vitundu vya lipu na kuipa rangi mahali pa kushika.

Lakini saruji yenyewe nayo ni kali. Lipu mbichi ina alikali nyingi, yenye pH ya 12 au zaidi, ambayo huigeuza rangi ya mafuta kuwa kitu mfano wa sabuni. Ndiyo sababu mafundi hushauriwa kungoja takriban siku 28, kisha kutumia praima inayostahimili alikali. Juba, ambako mvua hunyesha kwa sehemu kubwa ya mwaka, hata muda huo huenda usitoshe. Praima haiponyi ukuta uliolowa: maji yaliyomo ndani yatatafuta njia ya kutoka, na yatatoka na rangi. Wakati wa kiangazi shida hugeuka, kwani juani praima huwahi kukauka kabla haijapenya. Heri kupaka asubuhi, au upande wenye kivuli.

Milango ya chuma huhitaji praima ya kuzuia kutu, na hapa kuna hatari isiyohusu uzuri. Praima nyekundu za zamani mara nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama. Umoja wa Mataifa unapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa kila milioni. Anayekwangua mlango wa zamani anapaswa kuulowesha kwanza na kutumia msasa wa maji, kisha kukusanya mabaki yote, kwa kuwa vumbi lake likitua uani, watoto wanaochezea hapo hulimeza.