Bunduki ya rangi: iseti kwenye boksi kabla ya kugusa geti

Fundi akiona rangi inachuruzika kwenye geti, jambo la kwanza husema rangi ni feki. Mara nyingi rangi haina kosa. Bunduki ya kupulizia ndiyo haijasetiwa, na kopo zima linaisha kabla geti halijapendeza. Haya hapa maelezo ya kusoma kwenye simu ukiwa kazini.

Andaa hewa na rangi

Fungua koki ya chini ya tangi la kompresa umwage maji, kwa sababu yakifika kwenye rangi huacha vipele. Changanya rangi na thina kama kopo linavyoelekeza, kisha ichuje kwa kitambaa chepesi cha nailoni.

Zifahamu koki tatu

Bunduki nyingi za kikombe cha juu zina koki ya upana wa mpulizo, koki ya kiasi cha rangi na koki ya hewa. Kama mtengenezaji hakuandika presha, anza na paundi 30 hivi. Isome geji huku umebonyeza kifyatulio, maana hewa ikianza kutoka presha hushuka.

Boksi litakwambia tatizo

Simamisha boksi tupu, shika bunduki umbali wa sentimita 15 hadi 20, karibu shibiri moja, kisha bonyeza mara moja uachie. Alama nzuri ni ndefu, kama yai lililovutwa, na rangi imeenea sawasawa.

- Rangi imejaa katikati: presha ni ndogo, au rangi ni nzito au nyingi mno.
- Imejaa kwenye ncha, katikati nyembamba: hewa ni nyingi kuliko rangi. Punguza presha.
- Imepinda kama mwezi mwandamo: kuna uchafu. Zungusha kofia ya hewa nusu mzunguko. Alama ikigeuka nayo, safisha kofia. Isipogeuka, safisha nozeli.

Badilisha koki moja tu kwa wakati, ujaribu tena. Ukigusa zote tatu pamoja hutajua ipi imesaidia.

Mkono nao una kazi

Tembeza mkono sambamba na geti, usiuzungushe kama unayefagia. Anza kusogea kabla ya kubonyeza, achia kabla ya kusimama. Kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Tabaka mbili nyepesi hushinda moja nzito inayochuruzika.

Linda mapafu yako

Leso au barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Tumia barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, pulizia mahali penye hewa, mbali na watoto, jiko na sigara, kwani mvuke huo hushika moto. Rangi za magari zinazochanganywa na hadna ni hatari zaidi: nyingi zina kemikali ziitwazo isosayaneti, zinazoweza kukuachia pumu ya kudumu. Hizo zinahitaji chumba maalumu na barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kama huna vifaa hivyo, kazi hiyo usiichukue.

Ukimaliza, osha bunduki kwa thina kabla rangi haijakauka. Usizibue nozeli kwa msumari wala waya. Tumia kijiti cha meno. Tundu likishapanuka, hakuna koki itakayolirekebisha.