Tarehe 1 Agosti katika Nchi ya Wengine

Vijana wengi wa kwetu Kabambare wanatoka kwenda kutafuta maisha mbali. Wanapokuja kuniaga wanauliza juu ya barabara, pesa na karatasi. Hakuna anayeuliza juu ya sikukuu. Lakini mimi, ugeni ulinishika siku za sikukuu.

Tulikimbia vita mwaka 1998. Tulipita Lulimba na Fizi kwa miguu, tukavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha tukapelekwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Kiswahili cha kule kilikuwa chetu na hakikuwa chetu. Noeli ni Krismasi, korali ni kwaya, sombe ni kisamvu. Asubuhi ya mwaka mpya nilimwambia Mtanzania mmoja “Bonane!”, akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

Tarehe 26 Desemba ndiyo ilituchekesha. Tulisikia eti kesho ni Boksing Dei, watu hawafanyi kazi. Sisi wa Kifaransa tunajua boksi ni ngumi. Vijana wakaulizana: “Nani atapigana na nani?” Wengine walikwenda uwanjani kungojea! Baadaye mwalimu mmoja alitueleza kwamba ni desturi ya Waingereza: kesho yake ya Krismasi matajiri waliwapa watumishi wao masanduku ya zawadi. Waingereza walitawala Tanganyika, desturi ikabaki. Sisi tulikuwa chini ya Wabelgiji, haikutufikia. (Hata Noeli yenyewe, wazazi wetu walikumbuka namna Mobutu aliiondoa katika siku za mapumziko mwaka 1974.)

Tarehe 1 Agosti hatukucheka. Kwetu Kongo munajua: asubuhi watu wanakwenda makaburini na panga na jembe kufyeka majani, mchana watoto wanaheshimu wazazi walio hai, na mwenye kuku anachinja. Kule ni siku ya kazi tu. Sikukuu yao inakuja wiki moja nyuma yake, tarehe 8, Nane Nane ya wakulima. Nilipomwambia mama mmoja Muha aliyeuza mihogo kwamba leo ni siku ya wafu wetu, akanipa pole nyingi. Alifikiri nimefiwa usiku ule.

Baba aliamka mapema, akachukua jembe, kisha akasimama mlangoni. Mama yetu alilala Kabambare. Mdogo wangu tulimzika njiani, hatukuweka hata jiwe. Baba akasema: “Batoto yangu, makaburi yetu yote ilibakia ngambo. Tutalimia nani?”

Hakuna aliyejibu. Akatoka, tukamfuata hadi makaburi ya kambi. Akatafuta kaburi lisilo na mwenyewe. Lilikuwa fupi, la mtoto, msalaba umeanguka, jina limefutwa na mvua. Akaanza kufyeka. Watu walitutazama, nami niliona haya, nikamwambia: “Baba, huyu hatumujue.”

“Mama yake pengine iko mbali,” akasema, akaendelea.

Abrahamu, mgeni kati ya wana wa Hethi, alinunua shamba la Makpela apate pa kumzika Sara. Somo lile nililisoma katika shule ya Biblia miaka mingi baadaye, na nilimwona Baba na jembe lake.

Tuliporudi kwetu yeye hakurudi. Amelala palepale Nyarugusu. Kila tarehe 1 Agosti ninafyeka kaburi la Mama hapa Kabambare, na sijui kama kuna mtu anafyeka la Baba.